Pikipiki Niliyoweza Kuiinua

Siku aliyofariki mama mkubwa, dada yake mama, nilifika nikakuta ameshaoshwa na ameshavishwa sanda, wanaume wamesimama nje wanangoja kumbeba. Mimi ndiye mwosha katika ukoo wetu. Kazi hiyo nilifundishwa na mama, naye alifundishwa na mama yake. Siku za kawaida ni fundi cherehani, nashona madera na sare za shule hapa Chumbageni, lakini mwanamke akifariki, iwe mtaani kwetu, Usagara au nje ya mji, nikiitwa naacha nguo kwenye mashine nakwenda. Siku ile niliitwa mapema. Dereva wa bodaboda aliyenichukua akapitia kwanza kuziba pancha, halafu kituo cha mafuta, halafu akamwona abiria mwingine wa njia ile ile akamwambia apande. Nilikaa nimebanwa katikati yao, mfuko wa pamba na kafuri nimeukumbatia kifuani, nikilijua kosa langu wazi: nilikuwa nategemea haraka ya mtu ambaye hakuwa na haraka.

Mama hakunigombeza. Alisubiri matanga yakaisha, tukabaki wawili uani kwake, akawa anamenya muhogo. Akaniuliza kama dada yake aliogeshwa vizuri. Nikamwambia sijui, sikumwona. Akamenya mwingine mzima.

"Miye utaniosha weye," alisema. "Sitaki mkono wa mtu mwingine. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia, maana tangu siku hiyo sikupata raha. Mama anakaa kijijini. Ukishafika Pongwe unaiacha lami, unaingia barabara ya vumbi inayopita kati ya mashamba ya mkonge na mihogo, na kuna kipande kirefu humo ambacho unaweza kwenda usikutane na mtu hata mmoja. Nilikuwa nimemsihi mara nyingi ahamie kwangu mjini. Jibu lake lilikuwa kwamba kuku wake hawajui kukaa Chumbageni, na kwamba baba amezikwa pale nyuma ya nyumba, nani atamfyekea kaburi. Alikuwa na miaka themanini na kichwa kigumu. Hicho kichwa na mimi nimekirithi, kwa hiyo nikaamua: nitanunua pikipiki yangu, nitaiendesha mwenyewe, na siku hiyo ikifika nitafika. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na sikuwahi kuendesha hata baiskeli ya kuazima.

Kaka yangu mkubwa alipopata habari alicheka mpaka akakohoa, kisha akageuka mshauri. Kaka amepanda pikipiki tangu ndevu za kwanza, na hakuna anachokipenda kama kuulizwa. Alisema ninunue ile kubwa ya kazi, ile wanayotumia vijana wa bodaboda, kwa sababu inabeba, vipuri vyake vipo kila kichochoro, na nikiichoka wanunuzi watanifuata hadi nyumbani. Jirani akasema hivyo hivyo. Muuza mkaa akasema hivyo hivyo, akaongeza kwamba inachukua magunia mawili bila kulalamika. Nikaona kwamba huku kwetu mtu akinunua pikipiki anamnunulia mtu mwingine. Anamnunulia abiria atakayekaa nyuma, au gunia litakalofungwa, au yule atakayekuja kuuziwa baadaye. Mwenyewe anayeiendesha haulizwi hata urefu wa miguu.

Kaka akaazima moja kwa rafiki yake, tukaenda nayo kwenye uwanja wa mpira kule Usagara, jioni baada ya alasiri. Nikapanda. Vidole vya miguu ndivyo vilivyofika chini, visigino vikabaki hewani. Kaka akaniambia nitazoea, hata yeye alianza hivyo, jambo ambalo ni uongo maana kaka ni mrefu tangu darasa la tatu. Sikuwa hata nimeiwasha. Niliinama kidogo upande wa kushoto kuangalia gia iko wapi, ile pikipiki nayo ikainama, na tulipoanza kwenda chini sote wawili hapakuwa na cha kuizuia. Kaka na vijana wawili waliokuwa wakicheza mpira wakaja kuiinua. Mimi hawakuniinua, niliinuka mwenyewe, nikapangusa vumbi, nikamwambia kaka ailaze tena.

Akanitazama kama niliyeumia kichwa. Nikamwambia ailaze, nataka kuinua mwenyewe. Akailaza. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikanyanyuka kiasi cha shubiri moja, ikarudi ikalala. Nikavuta tena, ikawa hivyo hivyo. Vijana wakaacha mpira wakaja kutazama.

"Hii siitaki," nikamwambia kaka.

"Kwani weye wanunua pikipiki ya kuendesha au ya kuinua?"

"Ya kuinua."

Alichukia. Lakini mimi nilikuwa nawaza kile kipande cha barabara kati ya mkonge na mihogo. Mtu anayejifunza ataanguka tu, hilo hata kaka hakubisha. Sasa nikianguka pale, mama yuko ndani amelala anangoja, na pikipiki imelala njiani inangoja, nani ataniinulia? Nitakaa kando ya barabara nikitazama huku na huku nimtafute mwanamume mwenye mikono, na hapo nitakuwa nimerudi kule kule kutegemea haraka ya mtu mwingine. Pikipiki nisiyoweza kuisimamisha peke yangu haikuwa yangu hata kama jina langu lingeandikwa kwenye kadi.

Na uzito mimi naujua. Watu hudhani kazi ya mwosha ni maji na dua tu, hawajui ni kazi ya kugeuza. Mwili uliokata roho hauna msaada wowote unaokupa. Kuna wanawake nimewaosha waliokuwa na uzito mara mbili yangu, na wa kunisaidia ni ajuza mmoja anayetetemeka na binti wa marehemu anayelia. Mama alinifundisha nikiwa msichana: usivute kwa mikono, mikono itakusaliti, piga magoti, msogelee mpaka mgusane, kisha nyanyuka kwa miguu naye atakuja. Uwanjani pale Usagara nilikuwa nimevuta kwa mikono mbele ya vijana wa mpira, kwa hasira, kama mtu asiyefundishwa. Niliporudi nyumbani niliona haya kwa hilo kuliko kwa kuanguka.

Desturi ilinitaka nimtume kaka dukani. Ndivyo tunavyofanya, kitu kikubwa ananunua mwanamume anayekijua, wewe unaletewa mlangoni, mnakifukizia ubani. Nikawaza: atakayekwenda ndiye atakayeijaribu, na miguu yake itafika chini. Basi nikangoja Jumatatu kaka akiwa kazini, nikajifunga ushungi vizuri, nikaenda mwenyewe.

Duka nililoingia ni la mzee mmoja wa Kihindi. Zamani baba yake aliuza humo baiskeli na cherehani, na mashine yangu ya kwanza ya kushonea ilitoka kwenye rafu zile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza mume wangu anataka ya aina gani. Nikamwambia mume wangu alishatangulia mbele ya haki na hakuacha maagizo yoyote kuhusu pikipiki. Akacheka kwa aibu, akaanza kunionyesha. Nilimsikiliza mpaka mwisho, adabu ni adabu, kisha nikamwomba aniwekee moja chini, ubavu, nijaribu kuiinua.

Mzee akadhani hakusikia. Nikarudia. Akaniambia pikipiki mpya hailazwi, itachubuka, maji ya betri yatamwagika, na mteja atakayefuata ataiona ina alama aseme imeshatumika.

"Dada yangu, nimekaa duka hili miaka arobaini, hajaja mtu kuniambia nimlazie pikipiki."

"Kwani hao wote hawaanguki?"

"Waanguka, lakini nje ya duka langu."

Hapo nikaona mzaha hautanifikisha, nikamweleza. Nilimwambia kazi yangu ya kuosha, na mama mkubwa nilivyomkosa, na mama alivyoniambia, na ile barabara isiyo na watu. Alisikiliza amesimama, mkono juu ya siti ya pikipiki. Akauliza kama mama ni mgonjwa. Nikamwambia ni mzima, ila ana miaka themanini. Akaenda nyuma, akarudi na makaratasi magumu ya maboksi na kipande cha godoro kuukuu, akavitandika sakafuni kwa mikono yake mwenyewe.

Tulianza na ile ya bodaboda, kwa ajili ya haki tu, asije kaka akasema sikuijaribu. Safari hii nilifanya nilivyofundishwa. Nikaipa mgongo, nikachuchumaa mpaka makalio yakagusa siti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, nikasukuma kwa miguu. Ilifika nusu ikagoma. Ya pili ilikuwa skuta nzuri, nyepesi, rangi ya maziwa. Iliinuka, lakini magurudumu yake yalikuwa madogo sana, na mzee mwenyewe alikiri kwamba kwenye mchanga na makorongo itanitesa. Nilimshukuru kwa ukweli huo, maana angeweza kuniuzia tu.

Ya tatu ilikuwa kwenye kona, vumbi limetanda juu ya siti. Ni fupi, ina uwazi mbele ya siti, unapitisha mguu hapo bila kuurusha kama mcheza sarakasi, jambo kubwa kwa mtu wa baibui. Magurudumu yake ni makubwa kiasi, gia zake za mguu, haina klachi ya mkono. Mzee akasema ile imekaa muda mrefu, watu hawaitaki kwa sababu haibebi na haina mbio. Nikamwambia mimi nina mfuko mmoja wa pamba, na ninaokwenda kwao huwa hawaondoki kabla sijafika. Nikakaa. Miguu yote miwili ikatua sakafuni, visigino na vyote. Nikashuka, akanilazia, nikaipa mgongo, nikachuchumaa, nikasukuma. Ikaja juu.

Nikamwambia ailaze tena. Mara moja inaweza kuwa bahati. Niliinua mara tatu, jasho linanitiririka ndani ya ushungi, na ya tatu ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mzee akatazama mlangoni kuona kama kuna mteja, akavua miwani, akaniuliza kama naye anaweza kujaribu. Ilimshinda. Nikamwambia akunje magoti zaidi, asiinamishe mgongo. Akajaribu tena, akaiinua, akasimama pale anahema, amefurahi waziwazi, na nikajua kwamba pikipiki nimepata.

Kaka alipoiona alisema ni ya kuendea sokoni kununua nyanya. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaja mwenyewe, hawezi kukaa na hasira wala kuona mtu anakosea gia, tukarudi uwanjani Usagara. Nilikuwa nimejishonea baibui lenye mpasuo na vifungo mbele, na suruali pana ndani, na watoto wa mtaani waliponiona na kofia ngumu juu ya ushungi walinisindikiza mpaka kona. Nilijifunza kila jioni kwa wiki nyingi. Nilianguka mara mbili, na mara zote nilimkataza kaka asiguse. Alikuwa anazunguka pale mikono mfukoni, anateseka kuliko mimi. Nikapata leseni. Nikaanza kwenda nayo misibani mjini, na wanawake waliokuwa wakiniteta walianza kuniambia afadhali umekuja mapema.

Mama ndiye aliyebaki. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake na pikipiki, kaka akinifuata kwa nyuma na ile kubwa ya rafiki yake, mama hakuinuka mkekani. Aliitikia shikamoo yangu akitazama kuku.

"Miye nilikufundisha uje unioshe," alisema. "Sikukufundisha ili nije nikuoshe weye."

Maneno hayo yaliniuma, maana yalikuwa ya kweli na yalitoka kwa hofu. Kaka akaanza kueleza kwamba barabara sasa ni nzuri. Nikamnyamazisha. Nikaichukua pikipiki, nikaileta katikati ya uwanja mbele ya mkeka, nikailaza mchangani, nikaipa mgongo, nikachuchumaa. Nilikuwa na woga na nilitaka kumaliza haraka.

"La," mama akasema. "Wavuta kwa mikono."

Nikaacha. Mama alikuwa amegeuka mzima kunielekea, kuku amewasahau.

"Magoti. Yapinde zaidi. Sogea, usiionee haya. Haya, sasa kwa miguu."

Pikipiki ikaja juu. Mama akasema niilaze tena. Alinirudisha mara nne, kama alivyokuwa akinirudisha nikiwa msichana kwenye kukunja pamba, mpaka akaridhika. Kisha akamwambia kaka aje naye ainue ile yake kubwa. Kaka akasema mgongo unamsumbua siku hizi. Mama akacheka, akaniambia niingie ndani nipakue wali. Ruhusa sikuipata kwa maneno, ila nilipoondoka alinirushia maji kidogo nyuma ya gurudumu, akanisomea dua.

Baada ya hapo nikawa nakwenda kila Ijumaa. Ule mwaka ukapita vizuri.

Simu iliingia asubuhi moja ya masika, nimetoka tu kuswali alfajiri. Alikuwa mwanamke jirani yake mama. Alisema mama hakuamka vizuri, hataki chai, anauliza mimi niko wapi. Nilimpigia kaka, alikuwa Muheza kwa kazi, akasema anatafuta usafiri, nimngoje. Sikumngoja. Niliuendea mfuko wangu, na nakiri kwamba mkono ulisita kuushika, maana ndani mlikuwa na kafuri, nikajiona kama ninayemtakia kifo. Mwisho niliuacha. Nikatoka mikono mitupu.

Mvua ilikuwa imekatika lakini ilinyesha usiku kucha. Mpaka Pongwe nilikwenda sawa. Nilipoiacha lami nilipunguza mwendo, na matope yakawa yanavuta gurudumu huku na huku. Nilikuwa naisema Fatiha kwa sauti ndani ya kofia. Kwenye kile kipande cha mkonge, pale barabara inaposhuka, gurudumu la nyuma liliniponyoka, nikaenda chini ubavu, pikipiki juu ya pindo la baibui.

Nililala pale kidogo. Niliogopa. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Hapakuwa na mtu, kama nilivyojua kwamba hapatakuwa na mtu. Nikavuta pindo, likachanika, nikasimama. Nikajaribu kuinua, kwa haraka, kwa mikono, ikaniteleza. Hapo nikasikia sauti ya mama kabisa: la, wavuta kwa mikono. Nikazima injini. Nikachimba visigino kwenye matope mpaka vikapata pa kushika. Nikaipa mgongo, nikachuchumaa mpaka chini, nikasogea, nikasukuma kwa miguu. Ikaja juu. Nikaiwasha, ikawaka.

Mama alikuwa kitandani, mdogo sana ndani ya khanga zake. Macho yalikuwa wazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa midomo tu. Nikakaa kitandani nilivyo, na matope yangu, nikamshika mkono. Akanitazama kutoka ushungini mpaka miguuni.

"Umeanguka," alisema.

"Nimeanguka, mama."

"Nani kakuinulia?"

"Nimeinua mwenyewe."

"Kwa magoti?"

"Kwa magoti."

Akafumba macho, na nikaona uso wake umelegea. Nilimpa maji kwa kijiko. Jirani alitoka akatuacha. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimejiandaa kuwahi maiti, nimenunua pikipiki kwa ajili ya maiti, nimejifunza kuanguka kwa ajili ya maiti, na haikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kufika mapema hivi, nikamkuta mama yangu ananisubiri, na mkono wake una joto. Tulikaa hivyo saa tatu nzima. Aliniuliza kama kuku wamefunguliwa. Nilimsomea, na saa yake ilipofika nilimtamkisha shahada, akaitamka, akakata roho.

Kaka alifika kabla ya adhuhuri akiwa na mfuko wangu, nilipompigia tena kumpa habari alipitia kwangu kuuchukua. Hakuniuliza kwa nini niliuacha. Watu wa kijijini wakatuwekea kitanda na maji, yule jirani akasimama upande wa miguu, na mimi upande wa kichwa. Mama alikuwa mwepesi, ningeweza kumgeuza kwa mkono mmoja. Lakini nilipiga magoti, nikamsogelea mpaka akanigusa, nikamgeuza taratibu kwa upande wa kulia, kama alivyonifundisha.